Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Nangila alikuwa na vidole vya haraka na ulimi wa haraka zaidi, lakini kazini aliruhusu vidole peke yake. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu amalize kozi ya uhazili kule Kitale na kurudi Bungoma kufungua chumba chake cha kuchapisha, karibu na soko. Barua za kuomba kazi, barua za kuomba msamaha, mihutasari ya vyama vya akina mama, barua za mapenzi za walimu ambao saa hiyo walipaswa kuwa wanasahihisha mitihani: zote zilipita mikononi mwake zikaishia hapo. Nyumbani angekusimulia habari za mtaa mzima hadi chai ipoe. Ofisini hakuwa amesikia wala kuona kitu.

Kilichompa jina hasa ni wasifu wa marehemu. Kwa vile watu wengi huzikwa Jumamosi, kila Alhamisi chumba chake kilijaa wafiwa wenye karatasi zilizochanwa kwenye daftari za watoto. Nangila alijua kuyapanga maisha ya mtu katika kurasa mbili: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa, pengo aliloacha. Aliwahi kumwandikia mlevi mmoja ukurasa mzima wa sifa bila kutia uongo hata mmoja. Aliandika tu kwamba marehemu alipenda watu, na watu walipenda kukaa naye mpaka jioni.

Mwaka 2004 aliiweka taipureta pembeni akanunua kompyuta kuukuu huko Kitale, kwa fundi mmoja aliyeitwa Kibiwott. Aliileta Bungoma ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi. Na kama ilivyo katika kila nyumba yenye heshima pande zile, kitu cha thamani hakiachwi uchi. Makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Itakuwaje kompyuta ikae hivi hivi tu mbele ya wageni?

Aliyelitatua jambo hilo alikuwa Mzee Wekoye. Mzee huyu alikuwa mtunza ghala la mahindi Kitale, nyumbani kwake Sirisia, na kila akipita Bungoma alikuwa na barua ya kuchapishwa. Siku moja alikuja na kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa kikubwa cha kroshia, cha sufu nzito, rangi ya damu ya mzee, kimezungushiwa maua ya manjano yenye petali tano tano. Ua moja tu, pembeni kabisa, lilikuwa na petali sita.

"Nani ameshona hii, mzee?" Nangila aliuliza.

"Mtu wa Kitale," Mzee Wekoye alisema, akacheka peke yake.

Nangila hakuuliza zaidi, kwa sababu alijua. Nusu ya barua alizomchapia mzee zilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya Kitale, kutoka kwa "mzazi wa Simiyu, Nekesa na Chebet". Na watoto wa mzee wa Sirisia, ambao Bungoma nzima iliwajua kuanzia Jentrix hadi kitindamimba, hawakuwa na majina hayo. Nangila aliyachapa vizuri, akafunga mdomo.

Miaka miwili ikapita. Februari ya 2006 jua lilikuwa kali na barabara ya mbele ya soko ilichimbwa ikaachwa wazi, vumbi likawa linaingia ndani bila hodi. Zamani Nangila alikuwa akiifunika kompyuta wakati wa kufunga kazi tu. Sasa aliiacha sipiyu, lile sanduku la mashine yenyewe, imefunikwa kutwa nzima, kitambaa kimeanguka hadi nyuma vizuri, akaacha upenyo mdogo mbele wa kubonyezea swichi. Mara mbili wiki hiyo mashine ilijizima, naye akailaumu stima.

Alhamisi asubuhi akaingia Nyongesa. Alikuwa mdogo wake Mzee Wekoye, mzee wa kanisa, na sasa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kwa maana Mzee Wekoye alikuwa amefariki Jumapili. Nangila alizipata habari hizo sokoni na alilia kweli, mbele ya muuza nyanya.

"Mama, hapa iko kila kitu," Nyongesa alisema, akinyoosha karatasi juu ya meza. "Wewe chapa tu vile iko. Usiongeze, usipunguze. Mimi nitakaa hapa mpaka itoke."

"Mzee Nyongesa, pole sana. Na usijali, mimi sitiangi chumvi kwa mboga ya mtu."

Akaanza. Kuzaliwa, sawa. Masomo, sawa. Kazi ya ghala, sawa. Kila akimaliza aya alihifadhi, tabia aliyofundishwa na stima ya Bungoma. Akafika kwenye ndoa. Nyongesa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Marehemu alimwoa Mama Jentrix katika ndoa takatifu, wakajaliwa watoto watano. Hakuwa na mwingine.

Nyusi za Nangila zilipanda zenyewe. Mtu asiyekuwa na mwingine, nani hujisumbua kuyaandika hayo? Lakini sheria ni sheria. Akachapa hadi "hakuwa na", na skrini ikawa nyeusi.

"Stima imepotea?" Nyongesa aliuliza.

Wote wawili walitazama juu. Balbu ilikuwa inawaka. Kwa fundi wa nguo, chumba cha pili, redio ilikuwa ikiendelea kusoma matangazo ya vifo.

Nangila akaiwasha tena. Aya zote zilikuwepo ila ile ya ndoa. Akaanza kuichapa upya, na safari hii hakufika hata kwenye ndoa takatifu. Ikazima.

"Ebu ngoja," Nyongesa alisema. "Hizo zingine ziko?"

"Ziko zote, mzee. Ni hii tu imepotea."

Nyongesa alikohoa. Akaagiza chai kutoka hoteli ya jirani, wakanywa wote wawili bila maneno mengi. Alipomaliza alisema sasa twende. Nangila akawasha, akasahihisha jina la shule kwenye aya ya masomo, mashine ikakubali. Akabadilisha mwaka kwenye aya ya kazi, mashine ikakubali. Akarudi kwenye ndoa, akachapa "Hakuwa na mwi", na skrini ikafa kwa mara ya tatu.

Nyongesa alisimama. Kipaji cha uso kilikuwa kimelowa. "Wacha nipige simu kidogo huko nje," alisema, akatoka haraka kuliko mtu wa umri wake.

Nangila naye alitoa simu yake akampigia Kibiwott kule Kitale.

"Kibiwott, hii mashine yako inazima yenyewe!"

"Si yangu tena, madam, ni yako. Inazima ikifanya nini?"

Alikaribia kusema ikidanganya. "Ikifanya kazi."

"Weka mkono hapo nyuma ya sipiyu. Kuna moto?"

Nangila alipenyeza mkono chini ya kitambaa akautoa mbio. "Uwii! Hapa unaweza kuchoma mahindi!"

"Haya. Huko ndani kuna prosesa, hiyo ndiyo inafikiri. Ikifikiri sana inapata joto, na feni ndiyo inaipepea. Ikikosa hewa inajizima isiungue. Inajiokoa tu. Sasa hebu niambie, umeifunika na nini?"

Nangila alishusha sauti. "Kitambaa."

"Cha aina gani?"

"Cha sufu."

Kibiwott alicheka mpaka akapaliwa. "Madam! Umeivalisha sweta na jua ya Februari! Hata ng'ombe hapa Kitale hatumfanyii hivyo. Toa hicho kitu ipate upepo."

Akakiinua kitambaa. Joto likamvamia usoni kama la jiko. Akasubiri kidogo, akawasha, akachapa mihutasari ya chama cha akina mama kurasa mbili nzima, na mashine haikutikisika. Basi ilikuwa joto. Nangila aliona haya kidogo kwa sweta ile, akajiandaa kumwita Nyongesa amwambie mambo yametengenea.

Lakini Nyongesa alikuwa amesimama kwenye veranda, dirishani pake hasa, na alikuwa mtu wa kuongea na simu kana kwamba aliye upande wa pili yuko ng'ambo ya mto.

"Baada ya Jumamosi tunapanda Kitale tuone lile shamba," alikuwa akisema. "Huyo mama? Huyo na watoto wake, kama hayuko kwa wasifu basi hayuko. Wasifu unasomwa mbele ya chifu na kanisa. Baadaye nani atasema anamjua?"

Nangila alikaa chini pole pole. Aliwafikiria Simiyu, Nekesa na Chebet, majina aliyoyachapa mara nyingi hata vidole viliyajua bila kuangalia. Jumamosi wangesimama kaburini kwa baba yao kama wapita njia, na wiki ijayo wangeambiwa watoke nyumbani kwao. Hasira ilimpanda. Kusema hakuweza, siri ya mteja ni siri, hata akiwa amekufa. Lakini hakuna mahali sheria yake ilisema lazima amfafanulie Nyongesa mambo ya prosesa.

Nyongesa alipoingia, alimkuta amekunja mikono.

"Sasa? Imekubali?"

"Imewaka, mzee." Akatazama barabarani. "Lakini hili vumbi nalo!" Akakishusha kitambaa taratibu, akakinyoosha nyuma kwa upendo, tundu zote zikazibwa. "Twende kwa ile ndoa."

Akachapa kwa kidole kimoja. Nyongesa, aliyekuwa amemwona akichapa kama mvua ya mawe, hakuuliza. Nangila ndiye aliyeuliza: harusi ilifungwa mwaka gani? Kasisi alikuwa nani? Marehemu aliimba kwaya? Sauti ya kwanza au ya pili? Ile besi yake si ilikuwa nzuri? Alipoona wakati umetosha, alirudi kwenye karatasi, akachapa "Hakuwa", akangoja, akachapa "na". Giza.

Nyongesa alivua kofia.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Wewe unaonaje hii kitu?"

"Mimi ni mchapishaji tu, mzee. Mambo ya watu siyajui." Kila neno alilosema Nangila lilikuwa kweli, na hilo lilimfurahisha kupita kiasi. "Ninachojua ni kwamba aya ya masomo haijawahi kupotea. Ya kazi haijapotea. Hata ya ugonjwa nitakuchapia sasa hivi ukitaka. Ni hapo kwa ndoa tu."

Nyongesa aliisogelea kompyuta. Alitazama huku na huku kuhakikisha fundi wa nguo hasikii, kisha akaiinamia sipiyu.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "si tuongee kama watu wazima? Mimi nilikuwa nalinda jina yako. Kanisa itasema nini? Ee? Marehemu hapaswi kukasirika hivi."

Feni haikuwa inazunguka tena, kwa hiyo marehemu hakujibu kitu. Nangila alikuwa ameuma ulimi hadi machozi yakamtoka, na Nyongesa alipoyaona machozi hayo akaogopa zaidi.

"Toa hiyo 'hakuwa na mwingine'," alisema.

"Sawa mzee. Ngoja ipate hewa kidogo." Nangila akakiinua kitambaa akakiweka magotini, wakangoja joto litoke. Akaiwasha, akaiandika ndoa ya Mama Jentrix na watoto watano, akahifadhi. Mashine ikavuma kwa utulivu.

"Imekubali!" Nyongesa alipiga kofi. Rangi ilimrudi usoni, na ujanja nao ukarudi. "Haya basi, weka nukta hapo, rukia ugonjwa. Tumemaliza."

"Hapo tu? Hakuna kingine kwa ndoa?"

"Hapo tu."

"Vumbi limerudi," Nangila alisema, akakishusha kitambaa. Aya ya ugonjwa aliichapa kwa muda mrefu kuliko alivyougua marehemu. Kila dakika alisimama kuuliza jina la daktari. Skrini ilipozima, Nyongesa hakungoja kuambiwa.

"Basi andika! Andika, mama, kabla hii kitu haijatuumiza! Andika: vilevile alimwoa Cherop wa Kitale, wakajaliwa watoto wawili."

Kitambaa kiliinuliwa, mashine ikapewa hewa, vidole vya Nangila vikaenda mbio hadi "wakajaliwa watoto". Hapo vikasimama. Aliijua hesabu, na kuisema hakuweza. Alikohoa. Akaishika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayefikiria tu.

"Watatu!" Nyongesa aliruka kutoka kwenye kiti. "Watatu, watatu, nilikuwa nimesahau! Simiyu, Nekesa, na kale kadogo, Chebet!"

Kumbe aliwajua wote hadi kadogo. Nangila akayachapa majina matatu bila kuangalia kibodi.

Jumamosi alikwenda Sirisia mwenyewe na bunda la programu za mazishi. Hakuwa na kazi huko. Alitaka kusikia. Watu walikuwa wengi, mahema mawili, chifu mbele, wazee wa kanisa kando yake. Nyuma kabisa, karibu na ua, alisimama mwanamke mrefu mwenye leso nyeusi na watoto watatu waliomshikilia. Hakuna aliyemletea kiti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa kufukuzwa.

Nyongesa ndiye aliyesoma. Alisoma masomo kwa sauti ya mahubiri, akasoma kazi. Alipofika kwenye ndoa alilitupia jeneza jicho, akameza mate, akaisoma aya yote bila kupumua, hadi Chebet.

Chifu alitazama viatu vyake. Halafu Mama Jentrix, aliyekaa mstari wa mbele kwa kuwa ndiye mjane, bila kugeuza kichwa, aliuondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando yake akaupakata. Cherop alielewa. Alitembea katikati ya hema lile lote na watoto wake watatu, akakaa.

Nangila alikuwa anacheka moyoni tangu Alhamisi, na hapo alitarajia kucheka zaidi. Lakini Cherop alikuwa ameinuka tena. Alifungua kifurushi alichokuwa amekibana kwapani, akakunjua kitambaa kikubwa cha sufu, rangi ya damu ya mzee, chenye maua ya manjano, akalifunika jeneza nacho. Kwenye ncha iliyomwelekea Nangila kulikuwa na ua la petali sita.

Baada ya kaburi kufukiwa Nangila alimfuata Cherop pale alipokaa na Chebet.

"Pole, mama. Hivi vitambaa ni wewe unashonanga?"

"Ni mimi. Hilo ua la petali sita ni alama yangu." Cherop alimtazama vizuri. "Nilishona ingine kama hiyo. Mzee aliniomba, akasema ni ya mama fulani wa Bungoma. Alisema huyo mama ndiye mtu peke yake huku chini ambaye anaandika majina ya watoto wetu, na hajawahi kukosea hata moja. Unamjua?"

Nangila alifungua mdomo. Alitaka kueleza habari ya feni na prosesa, sufu na jua la Februari, jinsi jambo lote lilivyokuwa joto tu na si kingine. Lakini joto hilo lilitoka wapi, kama si kwenye mikono hii iliyo mbele yake? Machozi yalimshuka, na safari hii hakuwa ameuma ulimi.

"Namjua," alisema. "Kitambaa chako kilimfikia. Kimefanya kazi."

Jumatatu hakuivisha kompyuta. Alikikunja kitambaa vizuri akakiweka mezani, upande wa kushoto, karibu na mkono. Asubuhi hiyo hiyo aliingia bwana mmoja kutoka Naitiri, suti nyeusi, wasifu wa baba yake mkononi. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Samahani, mama. Hii ndiyo ile mashine ya Nyongesa?"

"Ndiyo hii," Nangila alisema, akanyoosha mkono apokee karatasi.

Yule bwana aliivuta karatasi nyuma. "Basi nipe dakika moja," alisema. "Kuna jina nimesahau." Akaenda kukaa kwenye benchi, akaomba kalamu.